Mayai ya Mama Mdogo Hayapumziki

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu ijayo, na tafadhali usitaje jina langu, maana gazeti hili nyumbani linasomwa na kila mtu, hata kipande kilichofungiwa vitumbua.

Mimi ni msichana wa kidato cha tano, nasoma sayansi, naishi Ipuli kwa mama mdogo, hapa nimwite Benedikta, ana miaka thelathini na saba, aliolewa mwaka juzi na baba mdogo Ezekia, mtoto bado, na anafuga kuku wa mayai. Siku moja tulikuwa bandani, mimi najisomea kwa sauti, akaniuliza nasoma nini, nikamwambia mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hatengenezi mengine, kila mwezi linatoka moja, nikaishia hapo kwa haya, kwa sababu maneno haya kwa Kiingereza nayasema darasani bila shida ila kwa Kiswahili, mbele ya mtu aliyenilea, ulimi unagoma. Mama mdogo akaacha kuokota mayai akasema, "Kumbe! Kwa hiyo nikiyapumzisha kama kuku wangu, yanabaki?" Na mimi, mshauri, nikasema, "Nadhani."

Basi akaenda kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, ayatunze mayai mpaka nyumba yao ipauliwe ndipo azae. Baba mdogo alimuuliza, "Una uhakika?" akajibiwa, "Mwanao anasoma baiolojia, wewe unasoma nini?" Wanawake wa jumuiya ya kanisani wameshaambiwa, Mama Lugembe naye anataka kuyatunza ya kwake, na nikipita wananiita daktari.

Sasa mada tumeimaliza. Mayai hupungua kila mwezi hata kama halijatoka hata moja, mengi hufia humo humo kwenye ovari, na yanayobaki yanazeeka pamoja na mwenyewe: mitokondria zinazolipatia yai nguvu zinachoka, protini zinazoshikanisha kromosomu zinalegea kwa hiyo kromosomu zinagawanyika vibaya, uwezo wa kurekebisha DNA unashuka, ndiyo maana mimba inakuwa ngumu kushika na nyingine zinatoka. Nimeandika kama jibu la mtihani kwa sababu nikiandika vingine nitalia.

Jumatatu anarudi kuchoma nyingine. Nikisema nitamwaibisha mbele ya jumuiya, nikinyamaza huenda akakosa mtoto kwa sababu yangu. Nifanyeje?

Mimi, binti wa Ipuli

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Kwanza pumua. Sindano moja haijamharibu mama yako mdogo. Yai halikutoka kwa miezi hiyo, basi. Akiacha, mwili unaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi kwenye mzunguko wake, na kwa mwanamke wa thelathini na saba miezi hiyo ina thamani. Wengi wa umri wake wanazaa. Lakini hawazai kwa kungoja bati.

Pili, nikugombeze kidogo. Barua yako inaonyesha somo umelielewa vizuri sana. Mimi gazetini, mtu usiyenijua, umeniandikia mpaka kromosomu. Yeye anayekupikia ugali umempa nusu ya somo na "nadhani". Haya yako ninaielewa, ila Jumatatu haitaingoja.

Sasa fanya hivi. Usimwite sebuleni kama mkutano. Mfuate bandani wakati wa kuokota mayai, mikono ina kazi na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mwambie, "Mama mdogo, siku ile nilikueleza vibaya." Kisha mwonyeshe trei. Yeye anamfikiria kuku anayepumzika halafu anarudi kutaga. Mwambie afikirie trei lililokaa stoo. Asipouza hata yai moja, yanabaki mapya? Mfugaji atakuelewa kabla hujamaliza. Ila neno viza usilitamke, nakuomba.

Halafu waende wote wawili, yeye na baba mdogo, kwa daktari wa uzazi. Wote wawili, nasema, maana mbegu za mwanaume nazo hupimwa. Sindano ni nzuri kwa asiyetaka mimba. Kama yeye anaitaka, aamue sasa akijua yote, na uamuzi ni wake, si wako wala wa jumuiya.

Kuhusu jumuiya, watacheka Jumapili moja, inayofuata watapata la mwingine. Mama Lugembe naye apelekewe habari, na aipeleke Benedikta mwenyewe, ndiye aliyeitangaza.

Mama yako mdogo atakuangalia, na atakuuliza kama alivyoulizwa yeye, "Una uhakika?" Safari hii, binti, usimjibu "Nadhani."