Mafuta Kwenye Nyayo

Jumamosi jioni

Na uzito ninao, nguvu pia ninazo! Miaka yote ya kuvuta kamba mimi ndiye nashika mwisho, na hakuna timu ya shamba lingine la chai imewahi kunisogeza.

Leo nilikaza, nikalala nyuma, lakini miguu iliteleza kwenye nyasi na wenzangu wote wakavutwa. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya ng'ombe, desturi yetu, mpaka kwenye nyayo.

“Mzee, mguu wa mafuta utashika nini?” nyapara wetu akacheka. “Mwaka ujao ukae na akina mama, utushangilie.”

Nilimtukana. Lakini ni kweli.

Mke wangu ndiye alikuwa akinipaka, na aliishia magotini. Sikumuuliza kwa nini. Tulimzika mwezi uliopita, na leo nimejipaka mwenyewe.