Wairimu Wawili na Mstari Uliopanda

Jumatatu, 4 Mei
Damu za akina mama kumi na wawili wa kanisani, Gatongora. Kila mrija nimeugeuza mara kumi, polepole, kisha kwenye barafu. RNA, chembe zinazobeba ujumbe wa jeni ndani ya damu, haina subira, ukizubaa inaharibika. Tunataka kuona kama inaweza kufichua saratani ya mlango wa kizazi mapema, kwa damu tu. Stika za namba ziliisha nikibakisha wawili. Nikaandika majina. Si neno.

Jumatano, 6 Mei
Maabara, Thika. Mrija mmoja umewaka! Mstari wake umepanda kwenye mashine, dalili tuliyokuwa tukiitafuta, umeacha mingine yote chini. Nimepiga meza mpaka mkono ukauma.

Saa nane. Furaha imekatika. Mrija umeandikwa Wairimu Kamau. Wa pili pia, Wairimu Kamau. Watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la shosho, bibi yao, ukoo mmoja. Mimi mwenyewe nina binamu watatu wa jina langu na sikufikiria! Mjinga kabisa.

Alhamisi, 7 Mei
Daktari Mutua, mkubwa wetu, anataka mirija yote miwili itupwe. Nimekataa. Mmoja wao ana kitu mwilini. Amekubali tutoe damu upya.

Ijumaa, 8 Mei
Gatongora tena. Wairimu mmoja ana duka hapa, mwingine ni mkulima wa kijiji cha Theta. Nimewaambia yote: kosa ni langu, mmoja wenu ana dalili, sijui ni nani. Nilingoja matusi. Wakacheka. Wa Theta akakunja mkono wa sweta kwanza. Wa duka akasema, "Damu chukua hata ndoo. Lakini ile ya kulala kitandani mkinichungulia, ai, hiyo wacha." Uchunguzi wa mlango wa kizazi ameukwepa miaka yote. Safari hii namba kwa kila mrija. Nimezisoma mara tatu.

Jumatatu, 11 Mei
Umewaka tena! Pale pale! Nimemkumbatia Mutua, akamwaga chai. Halafu nikaangalia namba. Wa duka.

Nimeogopa. Kipimo chetu bado ni cha utafiti, hakuna atakayemtibu bila kumchunguza. Nimempigia simu, nikamweleza. Amekata.

Jumanne, 12 Mei
Wa Theta amenipigia. Binamu yake amemwambia. Ameacha kupalilia mahindi, amekaa dukani tangu asubuhi. "Nimemwambia tutavua nguo tuchunguzwe wote wawili. Akikataa, mimi sitoki hapa." Nampenda huyu mwanamke! Saa kumi ujumbe: wamekubali, Alhamisi.

Alhamisi, 14 Mei
Kliniki, Ruiru. Wamechunguzwa wote. Wa Theta yuko sawa. Wa duka, seli zimeanza kubadilika, bado si saratani. Muuguzi amezichoma hapo hapo kwa joto. Dakika chache tu.

Nilikuwa kwenye benchi nje na wa Theta. Wa duka alitoka akakaa katikati yetu. Alilia kidogo, akajifuta kwa leso ya binamu yake. Kisha akauliza kama kesho anaweza kufungua duka.