Siilili ya Wafula na Jiwe la Mama

Jumatatu, 10 Februari

Nimekamua. Ng'ombe amepiga ndoo teke, nusu ya maziwa imeenda. Nimempiga na yeye.

Metrine, mke wa mwanangu, alikuwa jikoni ameshika simu badala ya mwiko. Simu inapiga siilili, ile fidla yetu ya nyuzi mbili. Nikajua mkono kabla sijauliza. Ni Wafula, ndugu yangu wa Bumula. Anavuta upinde kama mtu anakata mti. Tangu zamani.

Wimbo ni ule ule. Ulipoisha, msichana fulani humo humo kwenye simu akauliza nani aliutunga. Wafula akajibu ati ni marehemu baba yetu, Makokha. Ati aliupata kwa ndoto.

Ndoto.

Nimeishi na Makokha nyumba moja mpaka nikaolewa huku Kachibora. Alilala sana, hiyo ni kweli. Lakini wimbo ni wa mama yetu, Nanjala. Aliutunga akisaga wimbi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na huyu Wafula mgongoni ananikojolea.

Nimemwambia Metrine atafute huyo msichana. Uji umeungua. Tumekunywa hivyo hivyo, na sikunyamaza.

Jumatano, 12 Februari

Msichana amepiga simu. Anaitwa Chebet, anakaa Kitale. Kazi yake ni kuzunguka akirekodi wazee wa siilili kabla hawajaisha. Ameanza na shosho hivi, shosho vile. Nimemwambia mimi si shosho, kwetu bibi ni kukhu, na kama hajui hata hilo anarekodi nini.

Akasema sawa, kukhu.

Nimemwambia kwenye wimbo ameandika jina la mwizi. Kisha akasema Wafula ndiye mpigaji, na yeye huandika vile mpigaji amesema. Nikamuuliza, nikipanda boda boda, boda boda inakuwa yangu? Amesema atakuja Jumanne.

Ijumaa, 14 Februari

Wafula amesikia. Amepiga simu mwenyewe. Mwaka mzima hajanipigia, hata nilipolazwa.

Ati mwanamke hatungi wimbo wa siilili. Mwanamke hata haruhusiwi kuishika. Nikamwambia mama hakuishika. Alishika jiwe. Baba ndiye alikaa mlangoni na siilili yake, anafuata sauti ya mama mpaka akaushika wimbo wote.

"Dada, umezeeka. Unachanganya mambo."

Mimi. Nikamuuliza amebakisha meno mangapi. Akakata simu.

Jioni nimetia chumvi kwa chai. Sio uzee. Ni hasira.

Jumapili, 16 Februari

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mama.

Wafula hakumbuki kitu. Alikuwa hajaacha kunyonya. Mimi nakumbuka. Baba alianza kuitwa kwa harusi sababu ya wimbo ule. Anapiga, watu wanacheza, wanamsifu, anarudi na nyama. Maneno hakuimba hata siku moja. Angeimba vipi? Maneno yalikuwa yanamtukana yeye. Nayaandika hapa kwa sababu hakuna wa kusoma:

Makokha amelala, ng'ombe wanalia.
Makokha ameamka, pombe ya busaa imeiva.
Jembe lake ni jipya, halijui udongo.

Kwa Kibukusu yanauma zaidi.

Basi kuna harusi moja mama alichoka. Baba anapiga, anajivuna, mama akasimama mbele ya wakwe na wageni akasema wimbo ni wangu, na maneno yake ni haya. Akaimba yote. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Asubuhi baba alimrudisha kwao Lugulu. Na nguo zake tu. Wafula aliachwa mikononi mwangu, nikawa nampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mama hakurudi tena. Alifia huko, wakamzika kwao, kando ya ua, kama msichana ambaye hajaolewa. Bumula hakuna kaburi lake. Hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Baba alikataza.

Na sasa hata wimbo waseme ni ndoto ya Makokha? Nikiwa hai? Hapana.

Jumanne, 18 Februari

Chebet amekuja. Msichana mwembamba, suruali, mfuko mzito wa mashine. Nimempa chai na nduma. Amekula zote. Nimempunguzia ukali kidogo.

Akanichezea wimbo wa Wafula. Kisha akaniuliza jambo la akili. Kwa nini wimbo unasimama? Unaenda, unaenda, unakatika kidogo, unaanza tena. Wazee wengine aliowarekodi hawasimami hivyo. Amemuuliza Wafula, amemwambia ati hapo baba alikuwa anavuta pumzi.

Nikamuuliza Makokha alikuwa anapuliza tarumbeta?

Nilimwaga maji ya kuku, nikaosha jiwe langu la kusagia. Siku hizi wimbi tunapeleka kwa mashine, posho mill, jiwe ni la kuku kunywea. Nikapiga magoti. Magoti yamelia kuliko jiwe. Unasukuma mara saba, wimbi inaisha, mkono wa kushoto unachota nyingine kwa ungo, unaweka. Hapo jiwe haliwezi kulia. Halafu tena mara saba. Mama alikuwa anaimba hivyo. Akichota ananyamaza, kwa sababu anaangalia asimwage.

Chebet akaweka wimbo wa Wafula nikiendelea kusaga. Wafula anasimama, mimi nachota. Anaanza, nasukuma. Mpaka mwisho hatukuachana.

Msichana alitoa ile kitu ya masikio, akaniomba nisage tena.

Amerekodi jiwe. Akaomba maneno. Nimekataa. Wafula kwanza aseme jina la mama kwa mdomo wake, mbele ya mashine. Nikitoa maneno leo watasema kikongwe ametunga jana. Asiposema, nitaenda nayo kaburini.

Alhamisi, 20 Februari

Chebet alienda Bumula jana, akamsikilizisha Wafula jiwe. Leo amenipigia, sauti chini.

Wafula alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jiwe lolote linasimama, jiwe si shahidi. Akasema jina la mwanamke aliyefukuzwa likiwekwa kwa wimbo wa baba yake, afute kila kitu alichorekodi kwake. Kila kitu. Nyimbo kumi na moja.

Mwanamke aliyefukuzwa. Ndivyo alivyomwita. Titi alilonyonya.

Chebet ananiomba. Ati pengine tubakize jina la Makokha, halafu chini aandike kwamba kuna maoni mengine. Nikamwambia mama yangu si maoni. Afute. Heri wimbo ufe wote kuliko ubaki na jina hilo.

Alilia, nafikiri. Sikumbembeleza. Metrine ananiambia nimekuwa mkali mno. Nimemwambia aende akaoshe vyombo.

Kweli nimesema wimbo wa mama ufutwe. Nimesema mimi mwenyewe. Sijala.

Jumatatu, 24 Februari

Wafula amekuja.

Saa nne asubuhi, yuko langoni, siilili ndani ya gunia. Alikuwa ameapa hatakanyaga kwangu. Amezeeka sana. Sikumwambia karibu. Sikumfukuza.

"Sijakuja kwa sababu yako," akasema.

"Basi umekuja kwa kuku?"

Akakaa kwa kigoda. Kumbe siku tatu amekuwa akijaribu kuupiga wimbo bila kusimama, anionyeshe kwamba kusimama si kitu, kunaweza kutolewa. Hakutoki. Mkono unakataa. Akipita pale bila kusimama wimbo unakuwa wa mtu mwingine. Amevunja uzi mmoja kwa hasira.

Akaniuliza mama alikuwa anasema nini pale kwenye kimya. Nikamwambia hakusema kitu. Alikuwa anachota wimbi.

Akaniuliza basi maneno ya wimbo. Nilikuwa nimeapa jina kwanza. Lakini nilimwangalia akiuliza, na huyu mtu hajawahi kusikia hata neno moja la mama yake. Hata moja. Nikamwambia yote, nikichambua maharagwe, bila kumwangalia.

Nilijua atapiga kelele.

"Alikuwa mvivu kweli?"

"Sana."

"Na jembe?"

"Jembe liliuzwa likiwa jipya."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Ati miaka yote hii anawapigia maharusi matusi. Mimi sikucheka. Nilimwambia akacheke Lugulu, kando ya ua. Akainuka hapo hapo, akaondoka bila kuaga. Lakini gunia ameliacha kwa kigoda.

Jumatano, 26 Februari

Wamerudi wote wawili, asubuhi. Kumbe Wafula ndiye aliyemwita Chebet. Wafula alikuja na uzi mpya, akaufunga mwenyewe. Chebet aliweka mashine kati ya kigoda na jiwe. Kuku wamefungiwa.

Wafula akaanza, wimbo huu ni wa Makokha na mke wake.

Nikaacha kusaga. Mke wake ana jina.

Chebet akaanza upya. Wafula akasafisha koo muda mrefu. Akasema, huu wimbo ni wa Nanjala wa Lugulu, mama yetu. Aliutunga akisaga wimbi, akimtukana baba yetu, na baba alistahili.

Hilo la mwisho hakuambiwa na mtu.

Tukafanya. Yeye upinde, mimi jiwe, na maneno nikaimba mimi. Sauti yangu imekwisha, imetoka kama mlango mbovu. Chebet amesema inatosha. Ameandika jina mbele yangu, nimesoma herufi moja moja. Ameondoka na mashine yake.

Unga ni kidogo, wa bakuli moja. Metrine amepika uji, haujaungua.

Wafula amekunywa, amelala kwa kiti mdomo wazi. Miguu imevimba, viatu amevaa bila kamba. Sijamsamehe. Nimemvua viatu, nimemfunika na leso.

Nitamwamsha jua likipungua, aende kwake. Au kesho.