Niliiacha Karatasi ya Mtihani Tupu kwa Makusudi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, nasoma jiografia katika chuo kikuu hapa Rajshahi, na mwaka jana ningekuwa nimeshahitimu, ila niliingia kwenye mtihani wa mwisho, nikaandika namba yangu juu ya karatasi, kisha nikakaa saa tatu nzima bila kuandika neno, na si kwamba majibu sikuyajua, niliyajua, niliogopa kumaliza. Bwenini nalala chumba kimoja na mkubwa wangu ninayemwita kaka Moshiur, aliyehitimu akiongoza darasa lake miaka minne iliyopita, na mpaka leo anafanya mitihani ya kazi za serikali na kurudi mikono mitupu, hata sikukuu haendi kwao, na nilipomuuliza sababu aliniambia, "Mdogo wangu, ukiwa mwanafunzi watu wanakuuliza unasoma nini. Ukimaliza wanakuuliza unafanya nini. Mimi hilo la pili sina la kujibu." Nikaona afadhali nibaki na swali la kwanza.

Nyumbani nilisema mwalimu wangu, Profesa Quddus, ananichukia, ndiyo maana kanifelisha. Mama ni mjane, hajui kusoma, akaniamini, na mwezi uliopita alipanda basi peke yake bila kuniambia, amebeba vitumbua vya mchele na sukari guru, akaenda mpaka ofisini kwa Profesa Quddus kuniombea msamaha, akainama akamshika miguu. Profesa hakumwambia kwamba karatasi niliiacha tupu. Mama alipoondoka, Profesa aliniita, akaniwekea ile karatasi mezani, akasema, "Mama yako kaniomba nimsamehe mwanawe. Haya, nikusamehe kosa gani?" Mtihani wa marudio ni mwezi ujao, nikiufanya nitakuwa kama kaka Moshiur, nisipoufanya nafukuzwa. Nifanyeje?

Mwoga, Rajshahi

JIBU

Mwanangu, hofu yako naielewa, na sitakudanganya kwamba kazi zipo. Hazitoshi, na huenda ukahangaika miaka kama huyo kaka yako. Lakini Moshiur alijaribu akashindwa. Wewe umemsingizia mwalimu wa watu, ukamwacha mama yako ainame kwa kosa lako. Hapo sikuhurumii.

Kesho asubuhi nenda kwa Profesa. Amekusitiri mbele ya mzazi wako, nawe ulimfanya adui. Mwombe radhi, usimpe hadithi ndefu.

Mtihani utaufanya. Ukiogopa, andika hivyo hivyo. Cheti hakitakupa kazi, ila bila cheti hata kukataliwa hutakataliwa. Na huyo Moshiur usimtazame kama mkosi uliolala kitanda cha pili. Mtu asiyekwenda kwao sikukuu ana lake moyoni. Mkaribishe chai, umsikilize.

Ijumaa uende kwa mama. Usipige simu, wala usimtume mtu. Kaa naye, mwambie mwalimu hakukuchukia, karatasi uliiacha tupu mwenyewe, na umwambie kwa nini. Atalia. Usijitetee, na usitoke chumbani mpaka amalize.