Kishungi na utabibu wangu

Jumanne, Juni 1996

Mvua haijakata tangu alfajiri, na ua wetu hapa Mji wa Kale umekuwa tope la rangi ya chai. Moyo wangu nao vivyo hivyo.

Kishungi amekufa.

Kishungi ni kuku, shajara yangu, nisije nikakutia hofu bure. Ni wa dada yangu Zuhura. Mumewe alipofariki mwezi wa Aprili, nyumba yao ya Mbaraki ilibaki haina mtu mwingine wa kukaa naye, tukaona aje akae eda kwangu. Alikuja na sanduku la nguo na kuku mmoja ndani ya kikapu. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, na sasa yumo katika wa tatu. Kila asubuhi huketi uani akamtupia Kishungi mchele na kumsimulia mambo. Mimi ndugu yake hanisimulii.

Jumamosi Kishungi aliacha kula. Akajikunyata, mbawa zimelegea. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nina miaka arubaini na saba na kitambi, nikaona vyatosha kunifanya tabibu. Nikatangaza kwamba ni kideri, ule ugonjwa uuao kuku. Nikamnywesha maji ya shubiri. Jumapili nikaongeza pilipili.

"Kuku wamtia dawa au wamtia viungo?" dada akaniuliza.

Jana alisema kwa upole zaidi. "Ndugu yangu, mchinje. Akijifia ni nyamafu, hatafaa kitu."

"Ngoja, dada. Kesho utamsikia awika."

"Kuku jike hawiki, daktari."

Si huruma iliyonizuia. Ni kiburi. Kumchinja kungekuwa kukiri kwamba sijui.

Basi leo asubuhi nikaenda Mwembe Tayari, kwa mzee mmoja wa Kihindi auzaye chakula cha kuku. Nikamweleza kideri changu kwa ufasaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini.

"Gole umelishika?"

"Gole?"

"Mfuko wa chakula, bwana, hapa." Akajigusa chini ya koo. "Kalishike kwanza. Likiwa gumu, mtie mafuta vuguvugu, ulisugue taratibu. Kideri utakitafuta baadaye."

Siku tatu nimemfungua mdomo kuku wa watu, shingo sikuigusa.

Gole lilikuwa limefura kama chungwa. Nilipolibonyeza likabonyea, kisha likarudi polepole, kama mto. Hapo nikajua. Ijumaa nilifumua godoro pale uani nikachambua sufi na kuitoa mbegu, ili dada apate pa kulala laini. Kishungi alikuwa akizidonoa zile mbegu nyeusi, nami nikacheka kwamba nimepata msaidizi. Alikuwa akimeza mbegu na sufi yake.

Nikapasha mafuta ya nazi, nikampakata, nikaanza kusugua. Dada akaja kuketi karibu. Nikamwambia yote, la sufi na la kiburi. Aliingia jikoni akatoka na kisu, akakiweka kando ya goti langu.

"Bado ana roho," akasema.

"Kidogo tu, dada. Lalainika."

Na kweli lilikuwa limeanza kulainika. Nikainua macho kumwonyesha, nimefurahi kama mtoto. Yeye alikuwa akikitazama kichwa cha Kishungi. Kilikuwa kimeshaning'inia.

Nikatafuta mfuko nikamtupe jaani.

"Usimtupe. Mzike hapa hapa."

Nikachimba kwa mwiko wa mwashi, tope likirudi shimoni kila nikilitoa. Dada akasimama nyuma yangu, mtandio umemlowa. Nilipoanza kusukuma udongo akauliza:

"Na yeye mlimfukia hivi? Kwa mikono?"

Ilinichukua muda kufahamu kwamba hakuwa akiuliza habari za kuku. Siku ile yeye alibaki ndani na wanawake wenziwe. Alichokiona ni jeneza likitoka mlangoni, basi. Miezi yote hii sikumsimulia yaliyofuata. Nilidhani namhifadhi.

"Kwa mikono, dada. Sote. Mimi nilishuka kumpokea."

Akachuchumaa, akatia konzi yake ya udongo. Kisha akataka nimweleze yote, tangu pale mlangoni. Nikamweleza: nani alishika jeneza, nani alimlaza, uso wake ulivyoelekezwa kibla. Alilia bila kujificha, mara ya kwanza mbele yangu, na mvua ikitunyeshea sote wawili kama wendawazimu.

Mwisho akauliza kama kaburini mlikuwa na maji, maana siku ile pia ilinyesha.

Yalikuwamo. Yalinifika vifundoni.

Nikamwambia palikuwa pakavu.

Amenishukuru, akaenda kubadili nguo. Mimi bado nimeketi hapa na miguu yangu ya tope. Kesho, akiniuliza tena, nitakuwa na ulimi wa kusema kweli?