Mlima wa Hamira

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu Chiriku karudi kutoka shuleni na kazi ya volkano. Ijumaa asimame darasani aieleze kwa milima ya unga. Nikamwambia mlima ni mlima. Akanicheka! Eti ziko aina. Ya ngao: pana, imejilaza, zaha yake, ule uji wa moto, nyepesi, inatiririka polepole, haikomi. "Hiyo ni mama." Kweli tupu! Mkwe wangu hapigi kelele, ananung'unika tu, kutwa. Ya pili fupi, lundo la makaa, kurusha cheche basi — Chiriku mwenyewe.

Na baba yako? Ile iliyozimika, watu wamepanda mboga juu yake. Mbavu sina! Nimemzaa mimi, lakini ukweli ni ukweli.

Na mimi je? Ya matabaka. Ndefu, imesimama wima, inanyamaza miaka, halafu inajilipua kichwa. Mtoto hana adabu! Mimi sijanyamaza. Nimemnunia mama yake tu, tangu aseme mbele ya majirani mikate yangu mizito kama matofali. Mikate iliyomlisha mumewe! Aanze yeye kunisemesha. Mimi? Ng'o.

Jumanne, 4 Juni

"Mwambie bibi chumvi imekwisha." "Mwambie mama yako macho ninayo." Chiriku kasema amechoka kuwa posta.

Jumatano, 5 Juni

Mkwe kaumba mlima wake wa ngao. Si mbaya — ila hatanisikia nikilisema hilo. Kile cha makaa Chiriku kakifinyanga mwenyewe, kimepinda kama yeye. Ule mrefu nikasema mniachie. Nimekanda, nimeusimamisha, shingo nyembamba, tundu juu. Malkia! Nimeuacha mezani ukauke. Wataona nani anajua unga.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu. Mkono uliozoea mikate hauulizi — nilitia hamira! Mlima umeumuka usiku kucha, ukabwagika, ukatambaa hadi ukingoni mwa meza. Chiriku machozi: "Bibi, umekuwa kama mama!" Ngao mbili, mrefu hakuna, na kesho ndiyo kesho.

Mkwe akaingia. Akatazama. Akabonyeza kwa kidole. Akamgeukia mtoto: "Mwambie bibi yako, safari hii umetoka mwepesi."

Nilipanda moto mpaka utosini — kikatoka kicheko! Nikakigeuza kikohozi. Sidhani alidanganyika.

Jioni. Naandikia sebuleni. Mkwe yuko jikoni anakanda mlima mwingine, wangu, bila hamira. Anaukanda vibaya. Maji mengi! Huo hausimami, nasikia kwa mlio tu. Najiuma ulimi.

Anaita. "Mama! Njoo unikunjie mkono wa gauni, unaingia kwenye unga."

Chiriku yuko palepale karibu yake, mikono mitupu. Hakutumwa.

Aite tena, nisikie vizuri.

Kaita tena! Ngoja kwanza nitafute miwani — kumbe ninayo usoni — na huo unga, jamani, apunguze maji, mwambieni apu—