Aikande Hana wa Kucheza Naye

Jumatatu, 10 Februari
Nimekama. Nimekata majani ya ng'ombe. Nimekamilisha kumwandikia jirani barua ya ombi kuhusu mfereji wa maji. Mjukuu wangu Aikande amerudi kutoka shuleni kimya, kama kawaida. Tangu ahamie kwangu kutoka Chekereni, wakati wa mapumziko husimama ukutani peke yake. Jambo hili halivumiliki. Nimemwandikia mwalimu wake wa darasa la pili: "Ninawasilisha kwako, kwa heshima na taadhima, ombi la mtoto huyu kupatiwa wenzake wa kucheza nao." Barua imekaa vizuri.

Jumatano, 12 Februari
Barua imeleta madhara. Mwalimu aliteua wasichana wawili wa zamu ya kukaa naye. Walimshika mikono hadi kengele ilipolia, macho yao yakiwa kwa wenzao waliokuwa wakicheza rede, wakimlenga aliye katikati kwa mpira. Sasa darasa zima linamwita Zamu. "Zamu ya nani leo?" Amekataa kula. Nina hasira. Sitaacha.

Ijumaa, 14 Februari
Nimepeleka maziwa ya walimu wakati wa mapumziko, kwa makusudi. Nilisimama nyuma ya jiko la shule. Aikande aliwaendea wachezaji, akakunja mikono kifuani. "Ninaomba ridhaa yenu nishiriki mchezo huu." Walicheka hadi wakaketi chini. "Subiri kikao, mheshimiwa!"
Maneno yale nilimfundisha mimi. Nimeona aibu.

Jumamosi, 15 Februari
Manka, binti wa jirani, yuko darasa la nne shuleni hapo. Alipokuja kuchukua maziwa, akaniamkia, nikamwuliza namna ya kuingia mchezoni.
"Bibi, haombi mtu! Mpira ukitoka nje unauokota, unarusha. Ukirusha vizuri, unabaki."
Tumefunga mpira wa matambara. Mimi na Manka tumerusha, Aikande amekwepa, katikati ya migomba.
"Bibi, unarusha kama unabariki!" Manka amenicheka.
Nimerekebisha mkono.

Jumatatu, 17 Februari
Leo shuleni mpira ulitoka nje. Aikande aliuokota, akaogopa, akamkabidhi mrushaji kwa mikono miwili. Hawakumcheka. Hawakumwita pia.
Tumerudi migombani. Ninarusha kwa nguvu zaidi. Bega linauma. Hiyo si hoja.

Alhamisi, 20 Februari
"Mpira ulitoka, nikaurusha, wakaniingiza katikati! Walinilenga mimi tu, Bibi! Nikatoka wa kwanza!" Amesema hayo mdomo umejaa ndizi. Sikumkemea.
Nimeloweka sare yake. Maji yamekuwa mekundu kwa udongo.